Sikiliza Kwanza, Ndipo Uguse

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mwenyekiti wa Bodi. Mkuu wa Chuo pamoja na walimu wako. Matroni wa bweni. Daktari wa upasuaji uliyeacha wagonjwa wako ukaja. Wazazi wenzangu mliofunga biashara zenu leo. Wahitimu, wanangu, mnaonitazama na mnaonikwepa macho. Na wewe uliyesimama kule mlangoni na trei ya maji, ambaye ratiba haikukutaja: nawasalimu nyote, mwenye cheo kwa cheo chake, na asiye na cheo kwa utu wake.

Nimepewa nafasi ya kutoa neno la shukrani kwa niaba ya wazazi. Mkuu wa Chuo alinivuta pembeni pale kwenye ngazi akaniambia, "Mama, iwe fupi, na iwe ya shukrani tu." Nikamjibu, "Mwalimu, mimi ni fundi cherehani, kufupisha ndiyo kazi yangu." Basi nitafupisha, ila mahali pasipokatwa sitakata.

Kwa wasionijua, mimi ni mama wa yule binti wa mstari wa mbele, yule mwenye shingo ndefu, aliyeongoza darasa zima katika somo la dawa. Usiiname, mwanangu, bado hata sijaanza kukusifu. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba nililisoma vizuri sana. Majoho mnayoyaona hapa mbele yote nimeyashona mimi, na anayeona lake linambana mabegani asimlaumu fundi, ajilaumu mwenyewe aliyenenepa baada ya kupimwa. Mtasema najisifu. Ndiyo, najisifu! Mwamba ngoma huvutia kwake, na mimi ngoma yangu nimeiwamba miaka yote hii kwa sindano na mgongo unaouma, nani mwingine aivutie?

Ila wanangu hawa hawanijui kwa cherehani tu. Wananijua kwa tumbo. Chuo chetu kina mwanasesere mmoja wa plastiki wa kufundishia, tumbo lake gumu kama ndoo, halina sauti, halina joto, na ukilibonyeza halisemi "aa". Kwa hiyo kila Jumamosi binti yangu alikuwa anawaleta wenzake nyumbani, wanatandika mkeka kati ya cherehani na rundo la nguo za wateja, wananiambia, "Mama, lala chali, kunja magoti, legeza tumbo." Nami nalegeza. Mteja akibisha hodi namwambia asubiri, nasomesha.

Nilijifunza pale mambo ambayo hata baadhi ya walioketi meza kuu wameyasahau. Tumbo linagawanywa mara nne, kitovu kikiwa katikati. Mimi nikaelewa kabla yao, maana ni sawasawa na kukunja kitambaa mara mbili ukaweka alama. Juu kulia liko ini na kifuko cha nyongo, hapo ndipo mwenye mawe ya nyongo anaposhikwa akila mafuta. Juu kushoto uko mfuko wa chakula, ambako vidonda huunguza, na wengu umejificha nyuma ya mbavu. Chini kushoto utumbo mpana unamalizia safari, na wa kwangu, waliniambia bila aibu, "Mama, hapa umejaa, kula mboga." Chini kulia kiko kidole tumbo, kitu kidogo kama kipande cha uzi, na nitarudi kwake.

Siku moja wakaniambia, "Mama, kohoa." Nikakohoa. Kitovu kikachomoza kidogo, wakapiga makofi kama wameokota dhahabu. "Ngiri! Mama ana ngiri!" Wakapanga foleni, kila mmoja aniwekee kidole nikohoe. Nilikohoa mpaka sauti ikakauka, na chai nikawapikia mwenyewe.

Lakini lililoniingia kichwani kuliko yote ni mpangilio. Viungo vingine vya mwili, mwuguzi hutazama, hugusa, hugonga, mwisho husikiliza. Tumbo halitaki hivyo. Tumbo unalitazama kwanza, halafu unalisikiliza, ndipo unagonga kwa vidole, kugusa kunakuja mwisho. Nikamwuliza binti yangu, kwa nini? Akanijibu, "Mama, ukianza kulibonyeza, utumbo unashtuka, unaanza kupiga kelele ambazo hazikuwepo, au unanyamaza. Utasikia ulichokisababisha wewe, si kilichokuwemo." Na akaongeza, "Ukifika kwenye kugusa, unaanza mbali na panapouma. Panapouma unapaacha mwisho. Na macho yako yasiwe kwenye mkono, yawe usoni kwa mgonjwa, maana mdomo huweza kusema siumwi lakini uso haujui kuficha."

Waheshimiwa, ndivyo ninavyozungumza leo. Nimeanza mbali na panapouma. Na nyuso zenu naziona vizuri tu kutokea hapa.

Miongoni mwa waliokuja nyumbani kulikuwa na msichana mmoja mwembamba, aliyelelewa na bibi yake baada ya wazazi kufariki. Yeye wenzake walimwita Redio. Walimwita hivyo kwa sababu akiweka kile chombo cha kusikilizia tumboni hakitoi upesi. Wengine walisikiliza kidogo tu, wakasema, "Ipo, ipo, inanguruma," wakampisha mwenzao. Redio anainamisha kichwa, anafumba macho, anatulia utadhani anasubiri taarifa ya habari. Wenzake wakawa wanamchokoza.

"Redio, umeshika stesheni gani?"

"Nyamaza, unanipotezea."

"Si uhame basi, hiyo betri itakuishia!"

"Kitabu kinasema usitangaze kwamba tumbo limenyamaza mpaka umelisikiliza dakika tano nzima. Wewe ulisikiliza, au ulisalimia tu?"

Mimi wakati huo nimeshasinzia. Mara nyingi nilizinduka nikamkuta bado ameinama, wengine wako nje wanakunywa chai. Nikamwambia, "Mwanangu, utapata lini mume kwa mwendo huu?" Akacheka, akasema, "Mama, tumbo lako linaimba. Lina afya." Nikaona huyu mtoto ana adabu. Hata hivyo, nguo nilimshonea binti yangu kwanza, msinifanye malaika.

Sasa wazazi wenzangu, niwaeleze jambo ambalo walimu wa wauguzi wanalijua na wanalichekea. Wanafunzi hawa wakisoma ugonjwa, wanaugua. Juma la sura ya moyo, bweni zima mapigo yalikwenda mbio. Juma la sura ya ini, wote walikuwa kwenye kioo wanavuta kope kuona kama macho yana manjano. Mwalimu akawatania darasani, "Tukifika sura ya uzazi nitawakuta wote mmejifungua." Wakacheka. Nami niliposimuliwa nilicheka. Ni utani mzuri. Ubaya wake ni kwamba ulikuja kugeuka kipimo: mwanafunzi akisema anaumwa, anaulizwa mko sura ya ngapi.

Nao walikuwa sura ya tumbo. Mtihani wa vitendo ulikuwa kesho yake. Binti yangu akashikwa na maumivu kuzunguka kitovu, chakula hakitaki, akatapika. Akaenda kwa matroni. Matroni, sikuonei, ulisema mwenyewe mbele ya Bodi. Ulimwuliza, "Mko sura ya ngapi?" Akasema, "Ya tumbo, matroni." Ukasema, "Basi ndiyo hiyo. Na mtihani ni kesho, siyo?" Ukampa dawa ya kulainisha choo na chupa ya maji ya moto ya kukandia. Matroni, mimi wa darasa la saba, niliyejifunza juu ya mkeka, najua kwamba tumbo usilolijua hulipi joto wala hulisukumi kwa dawa ya choo. Na binti yangu alijua. Alikuambia. Ukamjibu, "Umeanza kunifundisha kazi?"

Maumivu yakashuka, yakahamia chini kulia. Akalala amekunja mguu. Akawaambia wenzake chumbani, "Jamani, limehama. Limeshuka kulia." Mnakumbuka mlimjibu nini? Mmoja alisema, "Limehama kama kitabu kinavyosema, ukurasa uleule." Mwingine akasema, "Mwambie mtahini akupe alama, umekuja na mfano wako." Mkacheka, kwa sababu mlikuwa na woga wa mtihani, na woga hutafuta pa kutokea. Siwalaani. Lakini nauliza: mlikuwa na vyombo shingoni, mlikuwa na mikono, mlikuwa mmejifunza juu ya tumbo la mama yake. Ni nani aliyemwambia, lala chali, kunja magoti?

Kulipokucha maumivu yakakoma ghafla. Bweni likashangilia. "Umeona? Ilikuwa gesi!" Hata yeye alishukuru Mungu. Akavaa sare, akaenda kupanga mstari kwenye korido ya chumba cha mtihani. Daktari wa upasuaji yuko hapa, atanisahihisha nikikosea: kidole tumbo kilichovimba kikipasuka, mgonjwa hupata nafuu, na nafuu hiyo ni ya uongo. Usaha unamwagika, unasambaa, na tumbo lote linaanza kuiva kimyakimya.

Ni pale kwenye korido Redio, aliyelala chumba kingine, alipomtazama. Hakumgusa, alimtazama. Akaona jasho baridi. Akaona anapumua kwa kifua peke yake, tumbo halipandi wala halishuki. Akamlaza kwenye benchi la wageni, akamfungua vifungo vya sare mbele ya mstari mzima, akaweka chombo, akafumba macho. Na mstari ukaanza kumchokoza.

"Redio, hapa si kwenu! Umeshika stesheni gani?"

Alisikiliza, akasikiliza, akahamisha chombo upande wa pili, akasikiliza tena. Mwishowe akasema, "Hamna kitu. Pande zote hamna kitu." Ndipo akaweka kiganja, kwa upole, akianzia mbali. Tumbo lilikuwa kama ubao.

Akaenda mlangoni kumwomba ruhusa mtahini. Jibu alilopewa watu wengi walilisikia: "Ukitoka kwenye mstari, umejitoa kwenye mtihani." Binti huyu, waheshimiwa, hakubishana. Alimwegemeza mwanangu begani, akamvusha ua mpaka hospitali, na kule mapokezi alipoambiwa asubiri alikataa kusubiri. Daktari, ulitoka chumba cha upasuaji ukanikuta kwenye benchi, ukaniambia maneno haya: "Mama, nimesafisha nilichoweza. Angechelewa kidogo tu, tungekuwa tunazungumza mengine. Mshukuru aliyemleta." Mwanangu alilala hospitali na mpira ubavuni unaotoa usaha, mpaka nikajua majina ya wafagiaji wote wa wodi.

Sasa nimefika panapouma.

Bodi ilikaa. Binti yangu, kwa kuwa alikuwa na vyeti vya hospitali, akaruhusiwa kufanya mtihani peke yake alipopona. Akaufanya, akafaulu, na alama zake msiniulize, nitawakera. Nawashukuru kwa hilo. Shukrani nilizoombwa ndizo hizo. Redio naye akaitwa. Akaulizwa, "Wewe ulikuwa mgonjwa?" Akasema hapana. "Ulikuwa na ruhusa?" Akasema niliomba nikanyimwa. Basi hukumu ikawa kwamba mzima aliyetoka kwenye mstari bila ruhusa arudie mwaka mzima. Na aliyemfadhili ameshasema hafadhili wanaorudia, kwa hiyo kurudia mwaka kwake ni kurudi nyumbani kwa bibi, basi.

Nilikwenda ofisini kuomba. Nikaambiwa, "Mama, kanuni ni kanuni." Nikarudi tena, nikaambiwa, "Mama, wewe mwanao si amepita?" Neno hilo lilinichoma kuliko kisu alichopasuliwa mwanangu. Mwanao si amepita! Kana kwamba daraja likishamvusha wako, halali kulibomoa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Sawa. Na mkuu asiyesikia la mdogo, huvunjika guu la nani? La mdogo vilevile, waheshimiwa. La mdogo vilevile.

Leo hii kijitabu cha sherehe kimeandika kwamba chuo hiki kinafundisha "huduma yenye moyo". Nauliza bila hasira, ingawa ninayo: mtihani ule ulikuwa wa nini? Si ulikuwa wa kupima kama mwanafunzi anaweza kulichunguza tumbo la mtu? Wote hawa walifanya mtihani juu ya mtu mzima aliyekodiwa kulala kitandani asiyeumwa chochote. Mmoja tu aliufanya juu ya mtu anayekufa, akapata jibu sahihi, nanyi mkamwandikia hakuwepo.

Wahitimu, wanangu, nawaomba kitu kimoja. Aliyewahi kulisikiliza tumbo langu asimame. Haya, simameni, chai yangu mmekunywa, sasa mnaona haya? Wewe pia, wa nyuma, nakukumbuka, una mikono baridi. Vizuri. Karibu darasa zima. Wazazi, waangalieni, si wanapendeza? Majoho yamekaa.

Sasa abaki amesimama yule tu aliyelisikiliza tumbo la mwanangu siku ile.

Kaeni polepole, msikanyagiane. Wala msilie, kulia hakumfai. Meza kuu, geukeni mtazame mlangoni. Yule aliyewawekea chupa za maji hapo mbele yenu, aliyepewa kazi ya kupanga viti kwenye mahafali ya darasa lake mwenyewe. Huyo ndiye Redio. Tua hiyo trei, mwanangu. Tua, maji watajimiminia, wana mikono.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, watu wanaonijua watakuambia kwamba nimeingoja siku hii kwa majigambo. Mtaa wetu wote umeshachoka nami. Nimewaalika majirani, wako pale, wamevaa sare ya kitambaa nilichochagua, na vigelegele tumefanya mazoezi mpaka mwenye nyumba akaja kuuliza kuna nini. Nilitaka jina la mwanangu likiitwa ukumbi huu utetemeke. Na asubuhi hii, nikimfunga vifungo, mwanangu akaniambia, "Mama, wakiliita jina langu sitainuka. Nitainuka likiitwa la Redio." Nikamwambia, umerukwa na akili, na vigelegele vyangu je? Akasema, "Mama, ungekuwa unavipigia kaburini." Nilinyamaza. Mimi kunyamaza! Mume wangu yuko hapa ni shahidi, hajawahi kuliona hilo tangu anioe.

Kwa hiyo sikuja kuomba cha kwangu. Mkiliita la mwanangu, atabaki kitini anawatazama, na majirani zangu watakaa na ndimi zao mdomoni, nimeshawaambia. Ninachoomba ni cha mtoto wa mwenzangu, mama ambaye hakuishi kuja kuomba mwenyewe. Mpeni Redio mtihani aliopewa mwanangu, yeye peke yake, kesho, mbele ya daktari huyu. Kama mnakosa tumbo la kumfanyia, langu hili hapa, lina ngiri na halijawahi kumdanganya mtu. Bodi iko ukumbini nzima, Mwenyekiti yupo, kanuni mliitunga ninyi, na kinachotungwa kwa mkono hufumuliwa kwa mkono. Mimi hufumua kila siku, kitambaa hakijawahi kufa kwa hilo. Hufa kwa fundi mwenye kiburi anayeona mshono umepinda akaendelea kukanyaga.

Na nitakalolifanya mimi, nitalifanya sasa, sihitaji kikao. Nilipopewa vipimo vya darasa hili, vilikuwa na jina lake. Baadaye ofisi ikaniambia nilitoe. Sikulitoa. Joho lake liko kwenye mfuko huu, nimelipiga pasi jana. Redio, njoo mwanangu, pita katikati, watu watakupisha. Mikono juu. Tazama, halivuti popote. Kaa pale karibu na dada yako, kile kiti alichokuwa ameweka mkoba si cha mkoba, kilikuwa chako.

Waheshimiwa, kazi ya tumbo ina mpangilio, nami nimeufuata: mmetazama, mmesikiliza, nami nimegonga. Kilichobaki ni mkono wenu, na wanaoketi hapa wote wanaangalia nyuso. Asanteni kwa kunisikiliza mpaka mwisho. Hata Redio asingesikiliza zaidi ya hapo. Sasa someni majina.